Mzee Kasi na Kompyuta Iliyoona

Mzee Kasi aliruka kutoka kitini kama aliyekalia msumari.

"Nani yuko humu ndani?"

"Hakuna mtu, kaka. Keti," mpokea simu alimjibu, kicheko kimemjaa mpaka puani. "Ni kompyuta yangu hiyo."

"Kompyuta gani inayovuta pumzi? Nimeisikia ikivuta pumzi!"

"Ndio huo mfumo mpya. Ngoja uisikie ikitamka ng'ombe."

Mpokea simu akabonyeza vitufe. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye kompyuta, ikasema, taratibu na bila kigugumizi, kwamba ng'ombe wa mkazi mmoja wamekamatwa wakila maua kwenye bustani ya baraza. Mzee Kasi akabaki mdomo wazi. Ng'ombe alikuwa ng'ombe kweli, mzima, mwenye pembe na mkia. Maneno yalitoka kama yanavyotoka kinywani mwa mtu aliyebembelezwa na mama yake kwa lugha hii hii. Vinyweleo vya mikononi vilimsimama.

Wote wawili walikuwa hawaoni, na wote wawili walikuwa watumishi wa baraza la mji. Mpokea simu alikaa chini, karibu na mlango mkubwa, akiunganisha watu na ofisi wanazozitaka. Mzee Kasi alikaa ghorofa ya juu, chumba cha kumbukumbu, na kazi yake ilikuwa kusikiliza vikao vilivyorekodiwa na kuvipiga chapa neno kwa neno: madiwani wanaokatizana, wanaokohoa, wanaosema "naomba nimalizie" na wasimalize. Alichokiandika alikisikia kwa programu ya kusoma skrini, ile inayomtajia asiyeona kila kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta.

Ila sauti yake yeye ilikuwa ya zamani, ya kiume, kavu kama mbao. Iliokota Kiswahili kama inayovuka mto kwa kurukia mawe. Ng'ombe iliwaita "n-gombe," mbwa ilimkata vipande viwili, na neno "nyanyuka" iliwahi kulitamka kwa namna ambayo karani mpya aliomba radhi akatoka nje. Lakini Mzee Kasi aliizoea, akaipenda, akawa anaikimbiza. Kila mwaka aliiongezea mwendo, mpaka kwa masikio ya mtu mwingine ikawa kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Ndipo wakambandika jina hilo la Kasi. Hakulikataa. Kompyuta yake iliweza kumsomea barua ya mkewe katikati ya chumba kilichojaa watu, na asiwepo hata mmoja wa kushika neno.

Hakuzaliwa hivyo. Ujanani alikuwa mchora mabango. Maduka, vinyozi, magari ya mizigo, ukuta wa shule, vyote alivipitishia brashi, na mtu akimwambia "nataka nyekundu" alimuuliza "nyekundu ipi?" mpaka mteja anachoka. Kisha presha ya macho ikamnyemelea bila maumivu, ikamla pembeni kwanza, halafu katikati. Kitu cha mwisho alichokumbuka kukiona sawasawa kilikuwa uso wa mkewe, siku mkewe alipoinama kumwekea dawa ya matone. Rangi ya uso ule aliijua kama anavyojua makopo yake. Shaba, alisema, shaba iliyosuguliwa na kuwekwa karibu na dirisha. Wageni wakija nyumbani alikuwa hakosi kuwaambia: "Mimi nimefungwa macho, lakini nina bahati, kwa sababu kitu cha mwisho nilichofungiwa nacho ni uso wa huyu mwanamke. Mwangalieni wenyewe." Na wageni waliitikia kwa sauti ndogo, "Naam, mzee," kisha wakauliza habari ya mvua.

*

Fundi wa kompyuta wa baraza alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vinavyolia kwenye sakafu, kwa hiyo Mzee Kasi alimjua kabla hajafika mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja na habari ya mfumo wako. Mwisho wa mwezi huu unakwisha."

"Marahaba. Unakwishaje? Kwani ni mafuta ya taa?"

Fundi akacheka. "Waliouunda wanaacha kuulinda, mzee. Akiingia mdudu humo, hakuna wa kumtoa. Na mkuu wa idara amesema kompyuta yenye mfumo wa zamani isiunganishwe tena na mtandao wa ofisi."

"Na nikikataa?"

"Utabaki nayo, ila peke yake, kama mtu aliyehamia kisiwani. Vikao nitakuletea kwa flashi, ukimaliza nakuja kuchukua. Kwa hiyo uamuzi nakuachia wewe. Wengine nawabadilishia tu, lakini wewe nimesikia yaliyokupata mara ile."

Mara ile, miaka mingi nyuma, fundi mwingine alibadilisha mfumo bila kumuuliza, na kompyuta ikawa bubu. Si bubu ya saa moja. Mzee Kasi alikuja kazini kila asubuhi, akavua koti, akakaa mbele ya kitu ambacho kwake hakikuwa na tofauti na sanduku. Wiki zikapita. Wakubwa wakaanza kumhurumia kwa sauti tamu, na mmoja akapendekeza apewe kazi ya kukaa mlangoni na kusema "karibu." Kuna mambo mtu anasahau, na kuna mambo yanayokaa kooni kama mwiba wa samaki. Hilo lilikaa.

Upande wa pili kulikuwa na ng'ombe wa mpokea simu. Na kulikuwa na jambo kubwa kuliko ng'ombe: siku hizi nusu ya karatasi za baraza zilikuja kama picha. Mtu anapiga picha barua kwa simu, anaituma, basi. Sauti ya zamani ikifika hapo ilisema "picha" na kunyamaza. Mzee Kasi akawa analazimika kumwita mhazili, mwanamke mwema mwenye pilikapilika zake, na kumwomba amsomee. Mhazili hakuwahi kukataa. Ila alipumua kabla ya kuanza, na pumzi ile Mzee Kasi aliisikia kila mara.

"Mfumo mpya unasoma hata picha," fundi alisema. "Maandishi yaliyomo ndani yake. Na kama ni picha ya watu, unakueleza: nani kasimama wapi, kavaa nini, yuko katika hali gani."

"Unanitania."

"Haki ya Mungu, mzee."

*

Jioni hiyo mkewe alikuwa akikoroga kitu jikoni, na mwiko uligusa sufuria kwa mdundo wake wa kila siku. Mzee Kasi alikaa kwenye stuli karibu na mlango akamsimulia yote: sauti inayovuta pumzi, ng'ombe, mwisho wa mwezi, kisiwani. Mkewe alikuwa akiitikia "hee" na "kumbe." Alipofika kwenye habari ya picha, mwiko ukasimama.

"Inaeleza picha vipi?"

"Inaangalia na kusema ilichokiona. Kama mtu."

Chakula kikaanza kushika chini, harufu ikapanda, ndipo mwiko ukaamka tena.

"Achana nao," mkewe akasema. "Sauti yako ya zamani ina ubaya gani?"

Mzee Kasi alishangaa kweli. Mwanamke huyu aliichukia sauti ile tangu siku aliyoisikia. Aliiita "mtu wako wa kukwaruza sufuria," na siku za mapumziko alimtishia kwamba atamtupa nje na vipaza sauti vyake. Leo anaitetea?

"Si wewe uliyesema nisiilete nyumbani?"

"Nilisema. Lakini nakumbuka ulivyorudi hapa mara ile, umekaa kitandani na viatu. Sitaki kukuona tena vile. Kizuri ulichokizoea."

Maneno hayo yalimwingia Mzee Kasi. Alisema moyoni kwamba huyu ndiye mke, anaogopa kwa niaba yangu. Akalala na wazo la kubaki kisiwani.

Na huenda angebaki. Ila asubuhi iliyofuata ililetwa barua ya wakazi, imepigwa picha, na mhazili alikuwa likizo. Karani aliyeombwa kumsomea alisoma juu juu, akaruka mistari, na Mzee Kasi akijua kabisa kwamba anarukwa. Alisikia jicho la mtu likipita bila mdomo kulifuata. Akasimama, akashuka ngazi mkono kwenye reli, akamtafuta fundi kwa sauti ya viatu vyake.

"Weka," akamwambia. "Weka leo kabla sijabadili mawazo. Ila ukiniacha na bubu, mama, nitakuja kukaa kwenu na mizigo yangu."

Alimwambia mkewe kwa simu. "Kama umeamua, umeamua," akajibiwa, na simu ikakatwa bila lile neno la kuagana ambalo hakuwahi kulikosa tangu waoane.

*

Fundi hakupata nafasi mpaka kesho yake, na kazi ya kuweka mfumo ilichukua asubuhi nzima. Kompyuta ilizima, ikawaka, ikazima. Mhazili, aliyekuwa amerudi siku hiyo, alimletea chai, naye Mzee Kasi akaisahau mpaka ikapoa. Chumba kilikuwa na watu wake wa kawaida, makarani wakibishana mambo ya mpira, printa ikilia, simu zikiita.

Kisha, bila hodi, mwanamke yule akasema kutoka kwenye vipaza sauti vya mezani: "Karibu."

Chumba kizima kikapiga kelele. Mtu alipiga makofi. "Mzee Kasi kaoa mke wa pili!" karani mmoja akapaza sauti, na wakacheka mpaka printa ikasahauliwa.

"Hebu tuijaribu na picha," fundi alisema. "Kuna barua pepe ya binti yako hapa, ina picha. Nifungue?"

Binti yao, mtoto wa pekee, alikuwa muuguzi katika mji mwingine. Alikuwa amekuja kuwasalimu mwishoni mwa wiki iliyopita, wakapiga picha mlangoni kabla hajaondoka.

"Fungua," alisema Mzee Kasi. Alijiweka sawa kitini kama mtu anayepigwa picha sasa hivi. "Acha na wao wasikie."

Sauti ikavuta ile pumzi yake.

"Watu watatu wamesimama mbele ya mlango wa bluu."

"Kijani," akasema Mzee Kasi. "Imekosea. Mlango ule niliupaka mimi mwenyewe, kijani ya jani la mgomba, mikono miwili ya rangi na vanishi juu."

Sauti ikaendelea, haina habari na mtu.

"Kushoto, mwanamume mwenye upara na miwani myeusi. Katikati, mwanamke kijana aliyevaa blauzi nyeupe. Kulia, mwanamke mwenye mabaka makubwa meupe usoni na mikononi. Ameshika mwavuli uliofungwa. Anacheka."

Makelele ya chumba yalikufa. Hayakupungua kidogo kidogo. Yalikufa yote pamoja, kama taa umeme unapokatika. Mzee Kasi alikuwa ameishi miaka mingi kwa kusikia kuliko wanavyosikia wenye macho, na hakuwahi kusikia kimya cha namna ile. Kilikuwa kimya cha watu wanaotazamana.

"Huyo wa kulia ni nani?" aliuliza.

Viatu vya fundi vilijongea sakafuni, vikasita. Mhazili alijikohoza.

"Mzee," mhazili alianza, "hizi mashine nazo wakati mwingine..."

Hakumalizia. Na hapo hapo Mzee Kasi aliijua sauti ile, sauti ndogo ya wageni wanaouliza habari ya mvua. Alipapasa meza akitafuta simu yake, akaigonga chai, ikamwagika, na hakuna aliyesogea kuifuta.

Alitoka nayo kwenye korido. Binti akapokea upesi, kwa furaha.

"Shikamoo, baba! Picha mmeipata?"

"Nimeipata. Mwanangu, nani alikuwa kwenye picha?"

"Si sisi? Wewe, mimi na mama."

"Hakuna mwingine? Jirani? Mgeni?"

"Sisi watatu tu, baba. Jirani ndiye aliyetupiga." Kisha sauti ya binti ikabadilika, ikawa nyembamba. "Baba. Nani amekusomea hiyo picha?"

"Kompyuta."

Alisikia mwanawe akivuta pumzi. Mzee Kasi aliegemea ukuta.

*

Hakumngoja mtu wa kumsindikiza. Njia ya nyumbani aliijua kwa fimbo: kituo cha mafuta kwa harufu, fundi seremala kwa kelele, kisha daraja dogo, kisha ukuta wa shule. Ila siku ile alipotea mara mbili kwenye njia aliyoipita maisha yake yote. Kila hatua ililipua kitu. Mwavuli! Miaka hii yote mkewe alitembea na mwavuli wakati wa kiangazi, na yeye alimcheka mbele za watu: "Mke wangu anaogopa mvua ya mwaka kesho." Mikono mirefu ya nguo zake wakati wa joto. Harusi alizokataa kwenda, eti kichwa. Harufu ya mafuta fulani ya dawa aliyoambiwa ni ya magoti. Na kila siku aliugusa uso ule! Aliupitishia vidole asubuhi na jioni, na vidole havikumwambia kitu, kwa sababu ngozi inayopoteza rangi haipotezi ulaini.

Na shaba. Mungu wangu, ile shaba. Aliwaambia wangapi? "Mwangalieni wenyewe." Mkewe akiwa amesimama pale pale na sinia mkononi.

Mkewe alikuwa jikoni, anamenya viazi. Kisu hakikusimama alipoingia, na hivyo Mzee Kasi akajua kwamba binti amekwisha kupiga simu.

"Imekuambia," mkewe alisema.

"Imeniambia mlango ni wa bluu."

Kiazi kikaanguka ndani ya maji. "Kijani ilibabuka," mkewe alijibu. "Fundi wa rangi hakuwa na kijani. Nilitaka kukuambia."

"Tangu lini?"

"Mlango?"

"Tangu lini?" Alipandisha sauti, naye hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

Kisu kikawekwa mezani. "Binti alikuwa bado shuleni. Lilianza doa moja hapa, chini ya jicho. Nikadhani ni sabuni. Hospitali wakasema ni ngozi tu inaacha rangi yake, haiambukizi, haiui, wala hakuna anayejua itasimama wapi. Nilirudi nikitaka kukuambia. Nikakukuta na mgeni, yule aliyekuja kusoma mita ya maji. Ulikuwa unamwambia habari ya uso wangu."

Mzee Kasi alivua miwani, akaivaa tena.

"Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa kesho. Mume wangu, mimi nikipita huko nje, watu wanayaona mabaka kwanza, mimi nafuata baadaye. Watoto wananyoosha vidole. Muuza duka mmoja aliniwekea chenji mezani, hakutaka kunigusa mkono. Halafu narudi hapa, na hapa kuna mtu mmoja ambaye kwake mimi ni yule yule. Nikawaomba watu wanyamaze. Nilimwomba hata mhazili wenu. Nilitaka kubaki na mtu mmoja asiyejua. Mmoja tu. Hilo lilikuwa kubwa sana?"

"Kumbe mtaa mzima unajua!" Mzee Kasi alisema. "Ofisi nzima inajua. Mtoto wangu anajua. Mimi niliyelala nawe ndiye wa mwisho kuambiwa, na aliyeniambia ni kompyuta, mbele ya makarani! Macho alinipofua Mungu. Hili umenipofua wewe."

Mkewe alilia. Hakulia kwa kelele; Mzee Kasi alisikia tu pumzi zake zikikatika. Alitaka kwenda alipo, na hasira ikamshika miguu. Alikwenda chumbani, akakaa kitandani na viatu.

Siku tatu walizungumza yale ya lazima tu. Chumvi iko wapi, maji yamerudi, mlango umefungwa. Ofisini makarani walimsalimia kwa heshima ya msibani. Mpokea simu alimpigia kutoka chini na kusema, "Kaka, mimi sikujua, nakuapia, mimi nani angeniambia?" na kwa mara ya kwanza wiki hiyo Mzee Kasi akatabasamu kidogo, maana ilikuwa kweli. Fundi alikuja, viatu vikitembea polepole.

"Mzee, ile sehemu ya kueleza picha inazimika. Nikuzimie? Sauti ya zamani nayo naweza kuirudisha ndani ya mfumo huu huu."

"Sauti nirudishie, hii mpya inanichelewesha kazi," Mzee Kasi alisema. Kisha alifikiri, vidole vimetulia kwenye kibodi. "Hiyo ya picha iache. Nimefichwa vya kutosha."

Jioni ya siku hiyo alimkuta mkewe uani, ameketi kwenye ngazi. Akakaa karibu naye, goti kwa goti.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Chukua kidole changu. Nataka kujua linaanzia wapi na linaishia wapi. Kila moja."

Mkewe alikishika kidole cha shahada cha mumewe, akakiweka chini ya jicho la kushoto, akakizungusha polepole. "Hili ni la kwanza. Linapita hapa, linashuka kwenye shavu. Hapa limeacha kisiwa kidogo cha rangi yangu. Hapa linavuka mdomo." Kidole kilikwenda kwenye paji, kwenye shingo, kikapanda mikono yote miwili mpaka viwikoni. Mzee Kasi alikuwa akihema kama mtu anayebeba mzigo.

"Nyeupe ipi?" aliuliza.

"Ehe?"

"Kuna nyeupe nyingi. Ya chokaa, ya maziwa, ya meno, ya karatasi mpya."

Mkewe alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Ya ndani ya ganda la ndizi," alisema mwishowe. "Ile laini. Jua likipiga inakuwa nyekundu, na inauma."

"Inauma?"

"Jua tu. Ndiyo maana ya mwavuli."

Mzee Kasi aliinamisha kichwa. "Nisamehe mwavuli," alisema.

"Na wewe nisamehe."

Mzee Kasi hakusema amesamehe. Alisema atasamehe, ila bado, kwa sababu lingali linamchoma, na mkewe akasema hilo analielewa. Wakakaa pale mpaka mbu wakawafukuza.

Wiki chache baadaye, mchana, mkewe alikuja ofisini. Hakuwa amekanyaga ngazi zile kwa miaka. Makarani walisimama wote kumpa kiti, wakagongana, na mhazili alimkumbatia kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya ofisi.

"Nimekuja kumwona huyo mke mwenzangu," alisema. "Hebu nipige picha, tumsikie."

Fundi akampiga kwa simu, akaituma. Mzee Kasi akafungua.

"Mwanamke mzee ameketi kwenye kiti cha ofisi," sauti ikasema. "Ana mabaka meupe usoni. Amevaa gauni la manjano. Anaonekana amekasirika."

"Mzee?" mkewe alifoka. "Mzee nani? Mabaka sawa, ninayo, lakini uzee kauona wapi? Irudie!"

Ikarudia. Mwanamke mzee. Safari hii alicheka mwenyewe, kicheko chake kile cha kutoka tumboni, na chumba kikamfuata kwa woga kwanza, kisha kwa moyo wote. Mzee Kasi peke yake hakucheka. Alikuwa amegeuza uso upande ilikotoka sauti ya mkewe, anasikiliza.

"Na hayo mengine unayoandika hapa ni nini?" mkewe aliuliza baadaye, watu waliporudi kazini. Alikuwa amesogeza kiti karibu.

"Kikao cha jana. Wanajadili mitaro."

"Mtaro wetu umo?"

"Umo. Diwani anasema ulizibuliwa mwezi uliopita."

"Nani kasema ulizibuliwa?" Mkewe aliweka mkoba wake mezani, pu, juu ya karatasi za watu. "Hebu niwekee hapo, nimsikie kwa masikio yangu."